Mdomo ukipinda, tazameni sikio



Wiki iliyopita tuliahidi kuendelea na habari ya kunyonyesha kwa mama anayeshinda sokoni. Tunaomba mtuvumilie, tutairudia. Kuna jambo lililotokea ndani ya likelemba yetu wenyewe, tumelizungumza sana kati yetu, na mama aliyelipata ametupa ruhusa tuliandike. Jina lake linabaki kwake.

Mama huyu huuza tomati na vitunguu. Ana miaka thelathini na minane na watoto watano. Alhamisi moja alikuja kwenye mkutano ameshika sikio la kuume. Alisema linamchoma kutoka ndani, kama mtu anayeingiza msumari wa moto. Sisi, kama kawaida yetu, kila mmoja akawa daktari. Mmoja alisema mdudu ameingia. Mwingine akasema atie mafuta ya mawese ya vuguvugu. Mwingine, na huyo anashiriki kuandika safu hii, akamshauri maji ya tumbaku. Alitusikiliza wote.

Jumamosi vikatokea vipele vidogo vyenye maji, vingine kwenye ganda la sikio, vingine ndani kwenye tundu. Alifikiri ni mafuta yaliyomuunguza. Jumapili asubuhi alikuwa ananawa ili aende kusali, akachukua maji mdomoni kusukutua, na maji yakamwagika yenyewe upande mmoja. Mtoto wake wa pili ndiye aliyemwambia: "Mama, uso wako umelala upande mmoja."

Yaliyofuata mnayajua hata kabla hatujayasema. Familia ilikaa. Kulikuwa na ugomvi wa mpaka wa parsela na jirani, na maneno mabaya yalikuwa yametoka. Mdomo uliopinda ghafla, kwetu hapa, ni nani asiyejua unaitwaje? Ikasemwa amerogwa. Akapelekwa kwenye chumba cha maombi, akakaa huko siku tisa. Siku hizo zote alikuwa na kizunguzungu, anatapika akigeuza kichwa, sikio linavuma kama mashine ya kusaga, na jicho la kuume halifungi hata akilala. Kizunguzungu kile kilihesabiwa kuwa ni pepo anakataa kutoka.

Hatuandiki kinyume cha maombi. Wengi wetu tunasali, na tulisali kwa ajili yake pia. Tunachosema ni kwamba mtu anaweza kuombewa huku amekwisha kumeza dawa, na siku tisa zile hazirudi.

Alipofika kituo cha afya, muuguzi kijana alifanya jambo ambalo hakuna mmoja wetu aliyekuwa amelifanya: aliwasha tochi akatazama ndani ya sikio. Akaona magamba ya vipele vilivyokauka. Akauliza, "Mama, maumivu yalianza kabla ya mdomo kupinda?" Akamwandikia karatasi ya kwenda hospitali siku ileile. Jibu la daktari lilikuwa neno moja ambalo wengi wetu tulilijua kwa jambo lingine kabisa: zona.

Zona tunaijua mgongoni na mbavuni. Ni ule mstari wa malengelenge unaozunguka upande mmoja wa mwili kama mkanda, unaochoma hata nguo ikigusa. Tanzania na Kenya wanauita mkanda wa jeshi. Kampala, ambako baadhi yenu mnakwenda kununua bidhaa, Waganda wanauita kisipi, na maana ni hiyohiyo, mkanda. Basi mkanda unafanya nini ndani ya sikio?

Jibu liko kwenye tetekuwanga, ile wengine hapa mjini wanaiita varisele. Mtoto anapopona tetekuwanga, vipele vinakauka, lakini kirusi chenyewe hakitoki mwilini. Kinajificha kwenye vifundo vya mishipa ya fahamu, ile mishipa inayopeleka habari za maumivu na joto kutoka kwenye ngozi hadi kwenye ubongo na uti wa mgongo. Kinalala humo miaka ishirini, arobaini, sitini. Siku kinga ya mwili inapolegea, kwa uzee, kwa ugonjwa mwingine, kwa dawa fulani kali, au wakati mwingine bila sababu tunayoiona, kinaamka na kusafiri kufuata mshipa ule hadi kwenye ngozi yake. Ndiyo maana zona inashika upande mmoja na kusimama katikati ya mwili kana kwamba kuna mpaka. Mshipa wa upande wa kuume hauvuki kwenda wa kushoto.

Mtu aliyelishughulikia jambo hili kwa uvumilivu alikuwa daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester huko Uingereza, Edgar Hope-Simpson. Aliandika wagonjwa wake wote wa zona, mwaka baada ya mwaka, na alikwenda hata kwenye kisiwa cha Yell, mbali kaskazini, mahali ambapo watu ni wachache na kila mtu anajulikana, ili afuate nani alimwambukiza nani. Mwaka 1965 alichapisha hoja yake kwamba zona ni tetekuwanga ileile ya utotoni iliyoamka. Wamama wengi wangeweza kumwambia nusu ya jambo hilo: tate akishikwa na zona, baada ya wiki mbili au tatu mjukuu aliyekuwa analala kifuani pake anatoka tetekuwanga.

Sasa, vifundo hivyo haviko mgongoni peke yake. Viko pia kichwani. Kimoja kiko karibu na sikio, kwenye mshipa unaosogeza uso: unaotuwezesha kucheka, kufumba jicho, kupuliza moto. Kirusi kikiamka pale, mshipa unavimba ndani ya njia nyembamba ya mfupa, unabanwa, na nusu ya uso inalala. Jirani yake ni mshipa wa kusikia na wa kusimama wima bila kuyumba, ndiyo maana ya mvumo na kizunguzungu. Daktari wa New York aliyeitwa James Ramsay Hunt alieleza jambo hili mwaka 1907, na ugonjwa unabeba jina lake mpaka leo. Watoto wenu wakubwa wanaosikiliza nyimbo za nje huenda wanalikumbuka jina: mwimbaji Justin Bieber alijionyesha kwa video Juni 2022, nusu ya uso haisogei, jicho moja halipepesi, akasema ni Ramsay Hunt. Alikuwa na miaka 28. Tunafikiri hakugombana na mtu kuhusu mpaka wa parsela.

Kwa nini tunahesabu siku? Mwaka 1997 madaktari wa Japani walichapisha habari za wagonjwa 80 wa Ramsay Hunt waliopewa dawa mbili, aciclovir ya kupigana na kirusi, na prednisone ya kupunguza uvimbe. Waliwagawa kwa siku ambayo dawa ilianza. Walioanza ndani ya siku tatu tangu uso ulale walikuwa 28, na 21 kati yao walipata uso wao wote. Walioanza baada ya siku saba walikuwa 23, na waliopona kabisa ni 7 tu. Someni tena hesabu hiyo. Dawa ni zilezile, ugonjwa ni uleule, tofauti ni siku. Mama yetu alifika siku ya tisa.

Tulipomweleza mmoja wa wazee wetu haya, aliuliza swali zuri: basi mdomo ukipinda, nitajuaje kama ni zona au ni tansioni imepasua mshipa kichwani? Daktari alitufundisha jambo dogo la kutazama. Mwambie mgonjwa akunje paji la uso kama mtu aliyeshangaa, kisha afumbe macho kwa nguvu. Kama upande mmoja wa paji haukunjiki kabisa na jicho halifungi, mara nyingi mshipa wa uso wenyewe ndio umeumia. Kama paji linakunjika vizuri pande zote mbili lakini mdomo umepinda, na hasa kama mkono au mguu umelegea au maneno yanakatika, hofia ubongo. Ila msifanye kazi ya daktari kwa kipimo hiki. Mdomo uliopinda ghafla, wa namna yoyote, ni wa kupelekwa hospitali siku ileile, pikipiki ya kwanza inayopita. Tunachowapa ni jambo la kumwambia muuguzi mkifika: "Paji halikunjiki, na kuna vipele sikioni." Maneno hayo tu yanaweza kuokoa siku mbili. Na vipele vinaweza kujificha mahali pengine, kwenye kaakaa la mdomo au ulimini, basi tazameni huko pia.

Kuna sura nyingine za ugonjwa huu ambazo si za kawaida, na tuliambiwa tusizifiche.

Ya jicho kwanza. Mkanda ukipita kwenye paji la uso upande mmoja na kushuka, tazameni ncha ya pua. Kipele kwenye ncha au ubavu wa pua kinaonya kwamba mshipa ule unaoingia jichoni umeshikwa, na jicho linaweza kupotea. Hapo hakuna kutia maziwa ya mama, wala maji ya majani, wala dawa ya macho iliyobaki ya jirani. Ni daktari wa macho.

Zona ya uso, hasa ya karibu na jicho, ina jambo la pili ambalo linakuja kwa kuchelewa. Kirusi kinaweza kufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye mishipa ya damu ya ubongo, ikavimba na kuziba. Mtu amekwisha kupona vipele, amerudi shambani, wiki au miezi baadaye anaanguka, upande mmoja umepooza. Familia haiunganishi mambo hayo mawili kwa sababu kovu limekwisha kufifia. Hata mtoto aliyepona tetekuwanga anaweza, mara chache sana, kupata hivyo miezi baadaye. Mtoto asiye na tansioni akipooza mkono, daktari aambiwe kwamba mwaka huu alitoka tetekuwanga.

Wengine mkono unalegea palepale mkanda ulipopita begani. Wengine tumbo linatoka upande mmoja kama henia kwa sababu misuli imelala. Mkanda ukishika matako na sehemu za siri, mkojo unaweza kukataa kutoka, na mama wengi wanaona aibu kusema. Mkojo usiotoka siku nzima si aibu, ni hatari. Kirusi kikiingia kwenye uti wa mgongo, miguu inakuwa mizito. Kikiingia kwenye ubongo, mtu anapata homa, kichwa kikali, anachanganya maneno, anawaona watu wasiokuwapo. Hapa Ituri mtu wa namna hiyo anapimwa malaria, na ni sawa apimwe, lakini kama malaria haionekani na juzi alikuwa na mkanda, lisemeni. Dawa yake ipo, inapita kwenye mshipa, hospitalini.

Na kuna zona isiyotoa kipele hata kimoja. Maumivu yanachoma upande mmoja, kwenye taya au mbavu, na ngozi ni safi. Watu wa namna hii wanaweza kung'olewa jino zima. Daktari mwenyewe anapata shida kuitambua, basi mgonjwa akisema linachoma na kushtuka kama umeme, asiambiwe anajifanya.

Turudi kwenye mambo ya nyumbani. Mwenye malengelenge ya zona hawezi kumpa mtu zona, lakini maji ya vipele yanaweza kumpa tetekuwanga yule ambaye hajawahi kuipata. Basi vifunikwe kwa kitambaa safi mpaka vikauke magamba, na mwenye mimba ambaye hajatoka tetekuwanga, mtoto mchanga, na mgonjwa aliyedhoofika wakae mbali. Kwenye nchi zetu za joto kuna watu wengi wanaofika ukubwani bila kuipata, na katika kambi za waliokimbia vita, ambako familia zinalala bega kwa bega, inaruka haraka. Chanjo ya tetekuwanga haimo katika chanjo za kawaida za watoto wetu, basi msiidhanie kwenye karatasi ya mtoto. Msiwekee vipele majivu, kinyesi cha ng'ombe wala maji ya betri. Mambo haya yote tumeyaona, na makovu yake pia.

Tangu OMS ilipotangaza hatari ya mpox mnamo Agosti 2024, kila lengelenge linatiwa hofu, na kuna wanaojifichia nyumbani wasije wakatengwa. Zona kwa kawaida ina upande mmoja na mstari mmoja, na maumivu yanatangulia. Vipele vya mpox havifuati mstari huo. Lakini anayetofautisha ni mtu wa afya, na kwa ajili hiyo tena, nendeni.

Tumefika kwenye sehemu ambayo tulibishana kama tuiandike. Mama yetu, alipoambiwa ni zona, alilia, na si kwa sababu ya uso. Alijua watu watasema nini. Katika miaka ya 1980, madaktari waliofanya kazi katika hospitali ya Mama Yemo huko Kinshasa, ambayo leo ni Hospitali Kuu, waliona kwamba wengi sana wa wagonjwa wao wa zona walikuwa na virusi vya SIDA. Walichapisha mwaka 1988. Habari ile ilikuwa ya kweli na ilisaidia kazi ya waganga. Mitaani ikageuka kuwa hukumu. Mwanamke akionekana na mkanda, jirani anahesabu wanaume.

Tunasema wazi: zona si SIDA. Wazee wanaipata kwa uzee tu, wenye ugonjwa wa sukari wanaipata, na watu wenye afya nzuri pia. Ila kwa mtu ambaye bado ni kijana au wa makamo, mkanda ni sababu nzuri ya kupima damu, kwa siri, pamoja na mume kama anakubali. Mwaka 1988 jibu baya, kwetu hapa, halikuwa na dawa. Leo dawa zipo na hutolewa bila malipo, na mama anayezimeza vizuri anaishi, anazaa na kunyonyesha mtoto asiye na virusi. Hata anayezianza anaweza kutokwa na mkanda katika miezi ya kwanza kwa sababu kinga inaamka, asiziache. Mama yetu alipimwa. Jibu lake ni lake, na yeyote atakayetuuliza kwenye soko hatutamjibu.

Na uso wake? Umerudi kiasi. Akitulia humwoni kitu, akicheka mdomo unakwenda kushoto. Jicho alifundishwa kulitunza: matone ya kulilainisha mchana, usiku anafunga kope kwa plasta laini, na barabarani anavaa miwani, maana vumbi la Bunia wakati wa kiangazi halina huruma kwa jicho lisilopepesa. Maumivu ya sikio yalibaki miezi mitatu. Maumivu haya yanayobaki baada ya vipele si ya kubuni. Mishipa imeumia, na paracetamol haiyafikii vizuri. Daktari alimpa amitriptyline kidogo wakati wa kulala, dawa ambayo wengine wanaijua kama ya huzuni, na mume alipoisoma jina alidhani mkewe anatibiwa wazimu. Ilibidi mmoja wetu aende kumweleza. Kwa maumivu haya hutumika pia, kwa kipimo kidogo.

Jambo la mwisho ni la kasa yetu. Tulimwuliza kwa nini hakukimbilia hospitali Jumapili ileile, hata kabla ya familia kukaa. Alisema alikuwa na franga za mtaji wa tomati tu, na zamu yake ya likelemba ilikuwa bado majuma saba. Kasa ya msaada tuliyonayo, kwa sheria tuliyoiandika wenyewe, inafunguliwa kwa uzazi na kwa matanga. Angekufa, tungetoa pesa kesho yake asubuhi. Alikuwa mgonjwa, tukampa tumbaku.

Alhamisi hii tunapiga kura kuhusu kuongeza neno moja kwenye sheria hiyo: ugonjwa wa ghafla, mkopo utolewe siku ileile, na wawili tu wa kamati watoshe kutia sahihi. Mkutano ni saa nane. Mama wa tomati ndiye aliyeomba kusoma pendekezo, na alisema tusimsaidie maneno yakimtoka upande.